Doa la Zambarau Katika Supu ya Pweza

Siku mliponikatia keki ya kuniaga mlitaka niseme machache, nami nikasema machache kuliko mliyotaka. Mtu aliyemaliza ujana wake akihesabu matone hana hotuba. Lakini niliwaahidi kwamba nikitulia nyumbani Likoni nitawaandikia, na ahadi ni deni. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili, na vyote nilivipata nikiwa kwenye kiti kile kile chenye mguu mbovu. Nitawaeleza kazi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini. Maabara yetu ya Changamwe wakati huo ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya ghala la magunia. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja aliyevaa suti kila siku, hata mwezi wa Machi, nasi tulimwita Mkurugenzi kwa sababu alipenda. Viwanda vilituletea unga wa supu, soseji, biskuti za chumvi na sosi ya nyanya. Walitaka kujua mengi, lakini kubwa lilikuwa kile kitu kinachoongeza ladha, ule unga mweupe wa chembechembe ambao ukiutia kwenye maji ya moto, maji hujidai yamepikwa na mbuzi. Wapishi huuita unga wa ladha. Sisi kwenye fomu tuliandika glutamati. Si sumu, niwaambie mapema, maana hadi leo naulizwa misibani. Ila mnunuzi ana haki ya kujua kama anakula nyama au anakula unga.

Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe ambalo mamangu alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Nilipokewa na Bwana Ouma, mkuu wa chumba cha vipimo, mtu wa bara, mrefu, mkimya, mikono daima mfukoni. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Osha mikono."

Nikaosha.

"Osha tena, na sabuni."

Nikaosha tena. Akanipa karatasi nyeupe, nene kiasi, akaniambia niibonyeze kwa vidole vitano. Nikabonyeza, nayo ikabaki nyeupe vile vile. Akainyunyizia dawa kutoka kwenye chupa ya kahawia, akaitia katika oveni dakika chache, akaitoa. Vidole vyangu vitano vilikuwa pale, rangi ya zambarau, na kila mstari wake. Kwenye kidole gumba nina kovu la mshazari, nilijikata na mbuzi ya kukunia nazi nikiwa na miaka tisa. Nalo lilitoka.

"Hiyo dawa inaitwa ninhidrini," Bwana Ouma akasema. "Inatafuta glutamati na ndugu zake wote. Na jasho yako iko na hao ndugu, hata ukioga. Ukigusa karatasi utajipima wewe mwenyewe. Sasa mikono unaweka wapi?"

"Mfukoni."

"Umehitimu."

Akaandika Riziki chini ya vidole, akaitia karatasi katika bahasha nyeusi, akaifungia kabatini pamoja na za wenzangu. Rangi ile, alinieleza, hufifia ikikaa kwenye mwanga. Kiswahili chake kiliniumiza masikio, mimi mtoto wa Likoni, lakini katika miaka yote tuliyokaa pamoja sikuwahi kumwona akikosea hesabu.

Vipimo vyetu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni cha matone. Unapunguza supu kwa maji safi, unatia dawa ya rangi, kisha unadondosha maji ya kostiki kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye alama, mpaka supu igeuke waridi hafifu. Halafu unatia fomalini, na waridi linakimbia. Unadondosha tena mpaka lirudi, na mara hii ndipo unapohesabu. Matone yakiwa mengi, glutamati ni nyingi. Ila si yeye peke yake, maana kipimo hiki huhesabu kila ndugu wa ukoo ule aliyetoka kwenye nyama, samaki, hata nyanya. Ni kama kuhesabu viatu mlangoni mwa msikiti: utajua wameingia wangapi, hutajua ni akina nani. Fomalini yenyewe ilitutoa machozi. Jirani yetu mwenye magunia aliwahi kuingia akatupa pole.

Kipimo cha pili kilikuwa cha kumjua nani. Unachora mstari chini ya karatasi, unaweka tone la supu, na kando yake tone la glutamati safi. Kisha unaitundika ndani ya tangi la kioo, ukingo wa chini umegusa spiriti iliyochanganywa na asidi ya siki. Maji yale hupanda karatasi taratibu mpaka asubuhi, na kila kitu hupanda nayo kadiri ya uwezo wake. Ukishaikausha unanyunyiza ninhidrini, unaipa moto, na madoa ya zambarau yanajitokeza. Supu ikiwa na doa sambamba na lile la glutamati safi, basi imo. Doa likiwa zito, imo kwa wingi. Mstari ule huchorwa kwa kalamu ya risasi, si wino, kwa sababu wino nao hupanda. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia wino. Ulipanda vizuri sana.

Kiwanda kimoja kilituletea vibonge vya supu, na kwenye pakiti pana picha ya kuku aliyenona. Tulivipima siku mbili. Bwana Ouma akaandika kwenye ripoti: chumvi, glutamati, mafuta, manjano. Meneja wao akapiga simu kuuliza kuku yuko wapi.

"Kwenye picha," Bwana Ouma akamjibu, akaweka simu chini.

Sasa nifike kwenye lile zito. Mnajua kanuni yetu kwamba kila karatasi isomwe na watu wawili, na wa pili asijue ni sampuli ya nani. Wengi mmeilalamikia, hasa siku za kazi nyingi. Kanuni hiyo ilianzishwa kwa sababu yangu.

Kwetu Mtongwe, kule kule Likoni, kulikuwa na mama akiitwa Bi Saumu, mjane, mwenye wajukuu wanne wa kuwalea na sufuria moja kubwa ya supu ya pweza. Jioni wafanyakazi wa bandarini na viwandani walipanga foleni mbele ya kibanda chake. Wanaume waliinywa kwa sababu ambazo hawakuzitaja mbele yangu. Mimi niliinywa tangu utotoni kwa sababu ilikuwa tamu. Lakini biashara ikinoga, maneno nayo hunoga. Ikaanza kusemwa kwamba utamu ule si wa pweza, ni wa unga. Bi Saumu akasimama mbele ya kamati ya soko akaapa: wallahi hatii kitu ila pweza, nyanya, ndimu, pilipili na chumvi. Kamati ikaona neno likishafika kwenye kiapo haliwezi kuachwa hivi hivi. Wakachota supu chupa mbili, wakazileta maabara. Ikibainika kaapa uongo, kibanda kitafungwa.

Chupa zilifika Bwana Ouma akiwa likizo kwao bara. Sitaficha, nilifurahi. Miaka minne nilikuwa nikisoma karatasi yeye yuko nyuma ya bega langu, na sasa ilikuwa zamu yangu kuwa mkubwa. Chupa moja nikaigandisha kwenye friji, ya pili nikaifungua. Kipimo cha matone kikatoa matone mengi, nami nikatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu anayejua. Nikaitundika karatasi kwenye tangi, tone la Bi Saumu likiwa la mwisho, karibu na ukingo.

Asubuhi umeme ukakatika na oveni ikawa kabati tu. Kwa siku kama hizo tulikuwa na pasi ya mkaa. Nikanyunyiza dawa, nikalaza karatasi mezani, nikawa naipitisha pasi kwa juu yake bila kuigusa, mkono wa pili umeishika karatasi kwa kibano. Mkaa ukaanza kufa. Nikaweka kibano chini, nikaupepea. Feni imelala, ni mwezi wa tatu, jasho lanitiririka hadi vidoleni. Upepo wa dirishani ukainua ukingo wa karatasi, nikautuliza, nikaendelea na pasi. Kuutuliza kule kulichukua muda wa kupiga chafya, na sikukumbuka tena.

Rangi ilipotoka, kwenye njia ya Bi Saumu palikuwa na doa kubwa, zito, sambamba kabisa na lile la glutamati safi.

Ningeweza kurudia kipimo. Chupa ya pili ilikuwapo. Sikurudia, na sababu yake ndiyo inayoniuma zaidi kuliko kosa lenyewe. Kamati ilijua nyumbani kwetu ni wapi. Niliogopa wakisema binti wa Mtongwe kampendelea mama wa Mtongwe, kwa hiyo nikawa mkali ili nionekane sina upande. Nikaandika: glutamati imeongezwa, tena kwa wingi. Nikagonga muhuri, nikarudi nyumbani nikijiona mwanamke wa haki.

Kibanda kilifungwa kesho yake. Ile sufuria ikageuzwa kifudifudi mbele ya nyumba, na wajukuu wakapewa jina huko shuleni: watoto wa unga. Wiki ile nilikutana na Bi Saumu njiani, nikamwamkia kama nilivyomwamkia maisha yangu yote.

"Shikamoo, Bi Saumu."

Hakuitikia. Alinitazama toka kichwani mpaka viatuni. "Ndiwe ulopima?"

"Ndimi, bibi."

"Na hiyo mashine yako yasema mimi ni mwongo."

"Si mashine. Ni karatasi."

"Karatasi," akasema, kana kwamba anaionja. "Basi mimi nimeapa kwa Mungu, na wewe waapa kwa karatasi. Haya."

Akapita. Nilijiambia kwamba ukweli mchungu, nikaenda zangu kazini.

Bwana Ouma aliporudi alifanya kama kawaida yake: akaomba karatasi zote zilizosomwa yeye hayupo. Alizipitia moja moja na lensi yake ya mkononi. Kwenye ile ya Bi Saumu akakaa kitambo.

"Riziki," akasema, "hii doa iko na mistari."

Nikamwambia labda ni nyuzi za karatasi. Alikwenda kabatini, akatoa bahasha nyeusi yenye jina langu, akalaza karatasi ya vidole vitano kando ya karatasi ya supu. Sikuhitaji lensi. Doa la Bi Saumu lilikuwa na kovu la mshazari, lililotokana na mbuzi ya kukunia nazi.

Nilikaa kwenye kiti kile, nacho kikainama upande kama kawaida yake, na siku hiyo hakuna aliyecheka. Kilichozidi kwenye supu ya Bi Saumu kilikuwa mimi. Nilimfanya mama wa watu mwongo mbele ya mtaa mzima kwa kidole changu mwenyewe, tena kwa muhuri. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona kabla wala baadaye.

Bwana Ouma hakunikaripia. Alisema tu, "Sasa fanya kazi." Ile chupa ya pili ilikuwa bado imeganda, friji yetu ilikuwa na tabia zake, lakini mwezi huo ilijiheshimu. Nilikwenda nyumbani nikachemsha pweza kwa chumvi na nyanya peke yake, nikaja na supu yangu kazini. Tukaweka tone la Bi Saumu, tone la kwangu, na tone la glutamati safi. Safari hii mikono yangu ilikuwa mfukoni. Madoa ya supu yakatoka mawili, yote hafifu, yote sawa. Pweza ana glutamati yake aliyopewa na Mola, na nyanya vile vile. Matone yale mengi yalikuwa viatu vya ukoo mzima wa pweza. Unga haukuwamo.

Tukaenda kwa Mkurugenzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaza tai.

"Ripoti imeshatoka na muhuri," akasema. "Leo tukisema tumekosea kwa pweza, kesho viwanda vyote vitasema tumekosea kwao. Tungojee. Mtu akiuliza, tutajibu."

Bwana Ouma akatoa mikono mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona yote miwili nje bila kazi. Akaweka karatasi mbili mezani, ya vidole na ya supu, na juu yake barua ya kufuta ripoti, aliyokwisha kuiandika kwa mkono.

"Mimi nimeuliza," akasema.

Akasimama pale pale. Mkurugenzi alizitazama karatasi, akamtazama Bwana Ouma, akavua koti la suti, akasaini.

Jioni hiyo nikapiga hodi kwa Bi Saumu, barua mkononi, karatasi ya supu kwapani. Alikuwa uani anachambua mchele. Sikungoja kukaribishwa kiti. "Bibi, nimekukosea. Unga haumo kwenye supu yako. Doa nililolisoma ni kidole changu, niligusa karatasi. Nimekuja kuomba radhi, na barua hii kesho itasomwa sokoni."

Hakuigusa barua. "Nyoosha kidole," akasema.

Nikanyoosha. Akakishika, akakigeuza kwenye mwanga, akatazama kovu, akatazama karatasi, akarudia tena. Kwa kweli alisoma kwa uangalifu kuliko mimi.

"Kweli ni wewe," akasema. "Barua wapeni hao kamati. Mimi naitaka karatasi hii."

"Bibi, karatasi ni ya maabara."

"Na jina langu lilikuwa la nani?"

Nikamwachia. Bwana Ouma aliandika kwenye daftari la sampuli: karatasi imerudishwa kwa mwenye supu.

Kibanda kikafunguliwa, na karatasi ikatundikwa kwenye nguzo juu ya sufuria, ndani ya fremu ya kioo. Mteja mgeni akiuliza ni nini kile, Bi Saumu alimjibu bila kuacha kukoroga: "Ule ndio unga walosema natia. Mwenyewe yule pale, kwenye foleni." Na kweli nilikuwa kwenye foleni, kwa sababu niliona nikijificha itakuwa vibaya zaidi. Alinichotea kama anavyowachotea wengine, tena bakuli lililojaa. Ila nilipomwambia shikamoo alinyamaza, au alisema "Haya," akamwita anayefuata.

Sasa ile rangi, nimeshawaambia, hufifia kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nikilijua hilo tangu siku nilipomwachia karatasi, na sitasema kwamba halikunifariji. Baada ya miezi michache mlinzi akaniita. Bi Saumu alikuwa mlangoni Changamwe, fremu ameifunga kwa leso.

"Kidole chafutika," akasema. "Kitie tena."

Nikamtazama Bwana Ouma ili anisaidie.

"Mteja anataka huduma," akasema.

Nikabonyeza kidole mahali pale pale, nikanyunyiza dawa, nikatia kwenye oveni. Bi Saumu akakikagua kwa lensi ya Bwana Ouma, akaridhika, akaifunga leso yake akaondoka. Akawa akija hivyo, mara mbili kwa mwaka, miaka nenda miaka rudi. Kila mara nilimwambia shikamoo, na kila mara alinijibu, "Haya, kidole." Nilipoolewa na kuhamia Mikindani, nikawa simwoni kwenye foleni tena, niliendelea kumwona kwa ajili ya kidole. Wenzangu waliniuliza kwa nini sikatai. Sikuona ningekataaje.

Miaka ya tisini ikaingia. Bwana Ouma akastaafu akarudi kwao, akaniachia lensi na kiti kibovu. Zikaja glavu za mpira, ikaja na mashine iliyokuwa na kitabu kizito kuliko yenyewe, na vijana kama ninyi mkaanza kuniita mama. Kisha siku moja nikatanabahi kwamba Bi Saumu hajaja. Nikahesabu, mwaka ulikuwa umepita. Nyumbani Mtongwe walisema mzima, miguu tu ndiyo inayomsumbua.

Jumamosi moja nikamwendea. Foleni ilikuwa ile ile, ila sasa aliyekoroga sufuria ni mjukuu wake mkubwa, na Bi Saumu ameketi pembeni kwenye kiti cha ukili. Fremu ilikuwa pale pale juu ya nguzo, kioo chake kimefutwa vizuri. Ndani yake karatasi ilikuwa nyeupe tupu.

Nikasogea. Nilikuwa nimekuja na chupa ya dawa kwenye mkoba, kwa kweli.

"Bibi, kidole kimefutika. Mbona hukukileta? Au ungenitumia mtu, ningekuja mwenyewe."

"Nimekiona chafutika," akasema. "Nikakiacha."

Nikasema lile ninalolijua, kama nilivyofunzwa na mamangu, wala sikutarajia kitu.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Keti. Mtilieni Riziki supu."

Wakanitilia. Nikanywa machozi yakinitoka mbele ya foleni nzima, bila fomalini, naye akajifanya anatazama barabarani. Ilikuwa na pweza, nyanya, ndimu, pilipili na chumvi.